Kamyo ya koperative: tunaweza kubeba deni la kiasi gani?

Koperative nyingi tunazotembelea kwenye milima ya Lubero zina wazo moja: kununua kamyo. Sababu tunazifahamu. Mavuno yanalala kwenye depo wiki mbili, viazi vinaanza kuota, mwenye kamyo anapandisha bei siku anayotaka, na mchuuzi wa Butembo anajua kama mkulima amekwama. Basi kamati inakwenda benki. Benki inaomba karatasi, inatazama depo na viwanja, kisha inajibu: "Tunaweza kuwapa dola 12,000." Kamati inarudi na furaha, na kesho yake watu wanaanza kutafuta Fuso.

Tunaomba musimame kidogo hapo. Ile namba ya 12,000 ni namba ya benki. Benki imepima kama feza yake itarudi, hata kwa kuuzisha depo yenu. Kama kamyo itajilipa yenyewe, hilo halikuingia katika hesabu yake. Hesabu hiyo ni ya kwenu, na inafanyika mbele ya kuongea bei na mtu yeyote.

Tuchukue koperative ya mfano. Namba ni za kuonyesha njia; ninyi mutaweka zenu. Koperative ina wanamemba 240, wanalima viazi, maharagi na mahindi, na depo iko kilometa 70 kutoka Butembo. Kwa sasa inakodi kamyo ya tani 5 na kulipa dola 200 kwa kila safari. Katibu ameandika safari zote za mwaka uliopita katika daftari. (Koperative isiyo na daftari hilo ianze nalo, kamyo itangoja.) Mwezi wa kwanza safari 8, wa pili 10, wa tatu 4, wa nne 2, wa tano 2, wa sita 5, wa saba 10, wa nane 6. Kisha safari 2 kila mwezi kutoka mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, na 3 mwezi wa kumi na mbili. Jumla ni safari 56, yaani dola 11,200 kwa mwaka.

Namba hiyo inauma. Mkutanoni mtu atasimama na kusema: "Kwa feza hiyo, kamyo ingekwisha kulipwa kwa miaka miwili!" Na wote watapiga makofi.

Lakini kamyo yenu nayo itakula. Kwenda na kurudi ni kilometa 140, na kwa barabara yetu hesabuni litre 40 za mazutu. Litre ikiwa dola 1.5, hizo ni dola 60. Chakula cha shofere na msaidizi wake dola 10, peaji na bariere dola 20. Kila safari inakula dola 90. Kwa hiyo kamyo yenu haiwaletei dola 200 kwa safari, inawaokolea dola 110. Mara 56, munapata dola 6,160.

Kisha kuna matumizi ya mwaka, na mengi yanadai hata kamyo ikilala. Shofere dola 150 kwa mwezi, ni 1,800 kwa mwaka. Msaidizi dola 60 kwa mwezi, ni 720. Asiranse, vinyeti na kontroli tekniki, tuweke 500. Pine sita za dola 200 kila moja, ni 1,200, na kwa mawe ya huku seti moja kwa mwaka si kutia chumvi. Mafuta ya moteri, filtre, lame na breki, 1,100. Jumla 5,320.

Toeni 5,320 katika 6,160. Zinabaki dola 840 kwa mwaka mzima. Ni dola 70 kwa mwezi, na bado hamujalipa benki hata senti. Hesabu hii inatumika pia kwa wale wanaongojea kamyo ya zawadi kutoka kwa shirika fulani: zawadi haiondoi zile 5,320.

Kamyo inayobeba mavuno ya koperative moja peke yake hailipi deni. Inahitaji kazi nyingine. Hapo kamati zinaandika namba nzuri sana, na sisi tunazikata. Kwa mfano wetu tukubali kama nusu ya safari zitarudi na mzigo wa wachuuzi, chumvi, sabuni, simenti au mabati, kwa dola 100. Ni safari 28, dola 2,800. Tukubali tena safari 30 kwa mwaka za watu wa nje, zenye faida ya dola 110 kila moja, ni 3,300. Pamoja na zile 6,160, munafika 12,260.

Sasa ondoeni moja ya tano. Kuna wiki ambazo mvua inakata barabara, kuna siku za garaji, na kwetu kuna siku ambazo njia imefungwa juu ya vita na hakuna anayejua itafunguliwa lini. Zinabaki dola 9,808. Toeni matumizi ya mwaka, 5,320. Kamyo inaacha dola 4,488.

Hata hizo zote si za benki. Tunashauri nusu tu iende kwa deni, na sababu yake ni hii: kamyo inazeeka. Ukiinunua 18,000, forodha na papye zote ndani, na baada ya miaka mitano ukaiuzisha 6,000, imepoteza 12,000, yaani 2,400 kila mwaka. Nusu ya 4,488 ni 2,244. Nusu hiyo ikae katika sanduku la kutengeneza moteri na kununua kamyo inayofuata, na bado haitoshi kabisa. Koperative inayolipa benki kwa feza zote za kamyo inajikuta, mwaka wa tano, na kamyo iliyokwisha na sanduku tupu.

Kwa hiyo mfano wetu una dola 2,244 kwa mwaka za kulipa deni, yaani 187 kwa mwezi. Benki ikiomba riba ya 2% kwa mwezi, ikihesabiwa kwa deni linalobaki, na muda ukiwa miezi 24, mkopo unaoweza kulipwa kwa 187 kwa mwezi ni karibu dola 3,500. Ndiyo, 3,500. Mukiongeza muda mpaka miezi 36, mkopo unapanda karibu 4,750 tu, na riba inaongezeka kwa dola 1,000 hivi. Wengine wanasema: "Tulipe paka kidogo kidogo, miaka mingi." Kidogo kidogo kwa riba ya 2% ni bei kali.

Turudi sasa kwa zile 12,000 za benki. Kwa miezi 24 na riba hiyohiyo, mutalipa dola 634 kila mwezi, zaidi ya 7,600 kwa mwaka. Kamyo yenyewe inaacha 4,488, hata mukisahau lile sanduku. Pengo ni karibu dola 3,125 kila mwaka. Mukigawanya kwa wanamemba 240, ni dola 13 kwa kila mmoja, na hakuna aliyeulizwa.

Tumeona pengo kama hilo linafunikwa namna gani. Linafunikwa kwa feza ya kununua mavuno. Tarehe ya benki inafika mwezi wa sita, mahindi yanaanza kuingia, na mweka-hazina anachukua katika kasha la mavuno "kwa siku chache tu". Mama mmoja analeta magunia matatu, anaambiwa arudi wiki ijayo kuchukua makuta yake. Wiki ijayo anaambiwa ijumaa. Musimu unaofuata haleti, anauzishia mchuuzi mwenye pikipiki anayelipa pale pale, hata kama mizani yake inaiba. Majirani wanamfuata. Safari 56 zinakuwa 40, na hesabu yote tuliyofanya juu inaanguka, juu ilisimama juu ya zile 56. Kamyo ilinunuliwa kusaidia kuuzisha mavuno, na sasa hakuna mavuno ya kupakia. Kama depo imewekwa garanti, nayo inaingia hatarini.

Kuna maneno matatu ya kuuliza benki, na mujibiwe kwa maandishi.

La kwanza ni namna ya kuhesabu riba. Kwa mkopo uleule wa 12,000, miezi 24, 2%, riba ikihesabiwa kwa deni linalobaki munalipa jumla karibu 15,230. Ikihesabiwa kila mwezi kwa mkopo wote wa mwanzo, munalipa 17,760. Asilimia ni ileile kwenye tangazo, tofauti ni dola 2,530. Muulize: "Nikikwisha kulipa nusu, riba ya mwezi ule ni ngapi?" Kama jibu ni namba ileile ya mwezi wa kwanza, mumekwisha elewa. Ongezeni pia feza ya dosye, asiranse ya mkopo, na akiba wanayowalazimisha kuacha pale.

La pili ni tarehe. Katika mfano wetu, mwezi wa nne una safari 2 za mavuno, zinazookoa dola 220, na matumizi ya mwezi ni karibu 443. Mwezi huo kamyo inadai mbele hata ya benki kudai. Ombeni malipo makubwa mwezi wa pili, wa tatu, wa nane na wa tisa, na riba peke yake katika miezi mingine. Benki nyingine zinakubali, zingine hapana. Isiyokubali kabisa haijaelewa kilimo, na tungeiacha.

La tatu ni feza yenyewe. Viazi vinauzishwa kwa franka, deni linalipwa kwa dola. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,700. Deni halikungoja bei ya viazi.

Kamati zisisahau pia sheria. Sheria ya OHADA ya koperative, ya mwaka 2010, inataka angalau 20% ya faida safi iende kwa akiba ya jumla na 20% nyingine kwa akiba ya mafundisho, mpaka kila moja ifikie kiasi cha mtaji. Rais wa koperative hawezi kuahidi benki faida yote. Na deni la namna hii lipitishwe na mkutano mkuu, na hesabu ziandikwe ubaoni kwa Kiswahili na Kinande, si kusomwa haraka haraka kwa Kifaransa.

Basi koperative yenye uwezo wa kukopa 3,500 na inayotaka kamyo ya 18,000 ifanye nini? Inahitaji 14,500 za kwake. Inaweza kuzitafuta kwa miaka mitatu au mine ya sehemu za wanamemba na makato madogo kwa kila gunia. Inaweza kuungana na jirani. Koperative mbili za njia moja, zenye safari 56 kila moja, zina safari 112, yaani dola 12,320 za kuokoa bila kumtafuta hata mteja mmoja wa nje. Pine na garaji zitapanda, lakini shofere ni yuleyule na asiranse ni ileile. Shida itakuwa mwezi wa pili na wa saba, pale wote wawili wanataka kupakia siku moja. Zamu iandikwe mbele ya kununua, wakati watu bado wanapendana. Iandikwe pia nani anabeba ufunguo, na bei ya arusi na matanga. Kamyo ya koperative inayokwenda matanga bure kila wiki tumeiona mara nyingi, na hakuna mtu anayethubutu kusema kitu.

Wakati wa kukusanya, kuna njia ambayo kamati zinaidharau juu haina kamyo ya kupiga picha nayo. Mwenye kamyo anapandisha bei wakati wa mavuno juu munamtafuta siku ileile munayotaka kupakia. Mufuateni mwezi wa kumi na moja, wakati kamyo yake imelala. Mumuahidi safari za miezi mine yenu mikubwa, wa kwanza, wa pili, wa saba na wa nane. Katika mfano wetu ni safari 34. Akikubali 170 mahali pa 200, munaokoa dola 1,020 bila deni, zaidi ya zile 840 ambazo kamyo yenu ingeacha kwa mavuno yenu peke yake. Katika mapatano andikeni tarehe, uzito, nani analipa bariere, nani anabeba hasara ya viazi kamyo ikikwama njiani, na faini kwa asiyefika siku iliyoandikwa. Mulipe sehemu ya tatu mbele, na iliyobaki mzigo ukishushwa Butembo.

Karatasi tupu ya hesabu hii, yenye mistari ileile ya mfano, iko kwa wasimamizi wetu wa kila sekta. Ijazeni kwa daftari la safari la mwaka uliopita, na muilete tuitazame pamoja mbele ya kusaini kitu benki.