Unataka kufungua baa Kakuma? Piga hesabu kwanza

Umeweka akiba katika chama kwa muda mrefu na sasa unafikiria kufungua baa. Kabla ya kulipa kodi ya chumba, kumbuka kwamba hutakuwa peke yako. Utafiti wa IFC wa mwaka 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 katika kambi ya Kakuma, na wengi wanauza kitu kilekile kwa wateja walewale.

Vibali
Unahitaji kibali cha biashara na leseni ya pombe kutoka serikali ya kaunti, uwe mkimbizi au mwenyeji. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shuleni, na inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Pata leseni kabla ya kununua viti na friji.

Faida ya chupa
Tuseme unanunua bia kwa shilingi 200 na kuiuza 240. Faida ni 40. Kama kodi, umeme, mlinzi na vibali vinakula 24,000 kwa mwezi, lazima uuze chupa 600, yaani 20 kila siku, ndipo urudishe gharama tu. Mshahara wako bado haujapatikana.

Deni
Hapa ndipo baa nyingi hufia. Mteja mmoja asipolipa chupa moja, umepoteza 200, na itabidi uuze chupa tano nyingine kufidia. Unategemea fedha taslimu au M-Pesa, na mgao ukipungua, watu huacha bia kwanza.

Ufanye nini?
Kaa wiki moja karibu na eneo unalolitaka. Hesabu baa zilizopo na wateja wanaoingia, mwanzoni na mwishoni mwa mwezi. Zungumza na majirani. Makelele ya usiku huleta ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji. Kama baa zimejaa, fikiria kuanza na chakula, chai na soda. Waislamu na wasiokunywa nao watakuwa wateja wako, na mtaji utakaohitaji ni mdogo.

Usiweke akiba yote ya chama kwenye kreti. Baa ikifungwa, wanaopoteza ni wanachama wote, si wewe peke yako.