Chai ya Ngamia Chini ya Mwarobaini: Hoteli za Hadado na Heshima ya Mgeni

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii yajulikana pwani na bara, lakini hupimwa kwa ukali katika nchi kavu ya Wajir, ambako mgeni aweza kufika hali koo limemkauka, naye mwenyeji hana maziwa ya kumpa. Basi yafaa msomaji asikie habari za hoteli ndogo za Hadado, mahali ambapo chakula huuzwa kwa fedha kati ya watu ambao desturi yao ya kale ilikuwa kumlisha mgeni bure.

Hadado ni mji mdogo katika eneo la Bunge la Wajir Magharibi, upande wa machweo wa mji wa Wajir. Nchi ni tambarare, yenye migunga na vichaka vya miiba. Wakazi wake wengi ni Wasomali, wafugaji wa ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe, na dini yao ni Uislamu.

Karani au mwalimu aliyelelewa Nyeri au Kakamega amezoea kwamba jioni, kazi ikiisha, watu hukutana katika baa yenye bustani. Huko huketi chini ya miti, nyama ikachomwa, kachumbari ikakatwa, na chupa za bia zikafunguliwa. Akihamishiwa Hadado hataiona baa ya namna hiyo, maana kileo hakina nafasi katika maisha ya wenyeji. Huenda akadhani kwamba hakuna mahali pa kukaa na wenzake. Lakini akiuliza vizuri ataonyeshwa hoteli, na huko atakuta karibu yote aliyoyaacha nyuma isipokuwa chupa: kivuli, nyama, habari za mji, mabishano ya siasa, na watu wasiokuwa na haraka.

KLABU YA ZAMANI NA HOTELI ZA WENYEJI

Zamani za ukoloni wageni hawakuja kukaa pamoja na wenyeji. Serikali ya Kiingereza ilifungua kituo chake Wajir mwaka 1912, na maofisa wake baadaye wakajitengenezea klabu yao ya kunywea, wakaiita kwa mzaha Royal Wajir Yacht Club, yaani klabu ya mashua za starehe, ingawa bahari iko mbali zaidi ya kilomita 300. Mwafrika wa kawaida hakuingia humo kuketi na kustarehe. Tena nchi yote ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa sheria. Sheria ya mwaka 1902 iliruhusu wilaya za namna hiyo zizuiliwe kwa wageni wasio na kibali, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ilizidisha masharti juu ya wafugaji wenyewe. Hata baada ya Uhuru mambo hayakutengenea upesi, kwa kuwa hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 1963 haikuondolewa kisheria mpaka mwaka 1991.

Kwa sababu hizo hoteli za miji midogo ya huku zilikua polepole, zikifuata malori. Palipo kisima, duka na kituo cha polisi, lori husimama. Na lori likisimama, dereva na utingo wake hutaka chai. Mama mmoja huteleka birika, mwingine hukaanga sambusa, na hivyo hoteli huzaliwa. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, makarani, wauguzi na mafundi wameongezeka katika Wajir, na hoteli nazo zimepata wateja wapya.

UA NA KIVULI CHAKE

Msomaji asidhani kwamba bustani ya huku ina majani mabichi na maua. Maji hayamwagwi ovyo juu ya maua. Bustani ya hoteli ni ua uliofagiwa vizuri, wenye mti mmoja au miwili, na mara nyingi mti huo ni mwarobaini, ambao hustahimili jua na kutoa kivuli kizito. Chini yake huwekwa mabenchi, viti vya plastiki na mikeka. Wenye hekima humwagia mti maji yaliyooshewa vyombo, hivyo kikombe kimoja cha maji hufanya kazi mara mbili. Nyumba yenyewe, iliyoezekwa mabati, huwa na joto mchana. Kwa hiyo watu huihama na kuufuata mti. Jua linavyogeuka ndivyo na mabenchi yanavyogeuzwa.

CHAKULA NA NAMNA YA KULA

Asubuhi huandaliwa anjera, mkate mwembamba wenye vitundu-vitundu, uliotengenezwa kwa unga uliochachuliwa usiku. Huliwa pamoja na chai, au kwa maini ya mbuzi yaliyokaangwa, au kwa samli na sukari. Mchana ni wali uliotiwa viungo pamoja na nyama ya mbuzi au ya ngamia. Pembeni mwa sinia huwekwa ndizi mbivu. Mgeni huiacha ndizi hiyo, akidhani ni ya mwisho, kumbe mwenyeji huimenya, akaikata, akaila pamoja na wali ule ule. Pengine badala ya wali huletwa tambi, ambazo Wasomali hula kwa wingi tangu Waitaliano walipotawala upande wa kusini wa Somalia.

Chakula cha heshima kubwa ni nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande vidogo sana, ikaanikwa, kisha ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli pamoja na iliki. Ikitengenezwa vizuri huweza kukaa majuma mengi bila kuoza. Hiki ni chakula cha watu wa safari, kilichobuniwa na akina mama kabla barafu haijafika nchi hii.

Lakini juu ya vyote ni chai ya maziwa ya ngamia. Majani, sukari, tangawizi, iliki na mdalasini huchemshwa pamoja, maziwa yakaongezwa, na kikombe huletwa kikifuka moshi. Maziwa yenyewe mara nyingi huwa na harufu ya moshi, kwa sababu vyombo vya kukamulia husafishwa kwa vijinga vya miti maalumu ili maziwa yasiharibike upesi. Mgeni hushtuka kwa kikombe cha kwanza. Kwa cha tatu huanza kuitafuta harufu ile.

Wateja hunawa mikono, hutaja jina la Mungu, na kula kwa mkono wa kuume. Wakila katika sinia moja, kila mtu hula upande wake, na mkubwa wao huisogeza nyama nzuri mbele ya mgeni. Mtu akipita karibu huitwa kwa sauti aje ale. Mara nyingi hushukuru na kupita, lakini kutomwita ni aibu. Katika mwezi wa Ramadhani mafiga hupoa mchana kutwa, na jua likichwa ua hujaa watu, tende na sambusa zikitangulia.

FEDHA NA UKARIMU

Hapa ndipo penye jambo zito. Kwa desturi ya wafugaji, maziwa ya mgeni hayakuwa na bei. Msafiri aliyefika kambini jioni alipewa maziwa kabla ya kuulizwa habari zake, maana mwenyeji alijua kwamba kesho yeye mwenyewe atakuwa msafiri. Tena ndugu aliyepotewa na mifugo aliweza kuazimwa ngamia wa kukamua mpaka ajikimu. Wazee wengine husema kwamba hoteli imeuza kitu ambacho hakikupaswa kuuzwa.

Maneno yao yana uzito. Lakini aangaliaye vizuri ataona kwamba desturi ile haikufa; imehamia ndani ya daftari. Karibu kila mwenye hoteli ana daftari la madeni. Mchungaji aliyekuja mjini hula leo na kulipa atakapouza mbuzi. Mwalimu hula mwezi mzima na kulipa mshahara ukifika. Wapo na wale ambao majina yao hayaandikwi kabisa: mzee asiye na mtu, mwendawazimu wa mji, mwanafunzi aliyetoka kambi ya mbali. Hao hupewa chai na mkate, na mwenye hoteli hageuzi uso kuangalia.

Tena fedha ile imewafaa akina mama. Biashara ya maziwa ya ngamia iko mikononi mwao zaidi. Mjini Isiolo wanawake wa ushirika wa Anolei wamejulikana kwa kukusanya maziwa kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka Nairobi, mpaka Eastleigh. Hata katika miji midogo, mjane mwenye birika na madumu mawili ya maziwa huweza kulipa karo ya mtoto wake.

UKAME ULIPOFIKA

Daftari hilo lilipimwa vikali hivi karibuni. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, na Wajir ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia sana. Ngamia, ambaye huweza kukaa zaidi ya juma moja bila kunywa na bado akatoa maziwa, hakuokoka wote.

Katika nchi kama hii hoteli huonyesha ukame kwa kikombe. Kwanza chai hupungua maziwa, kwa kuwa ngamia wamepelekwa mbali kutafuta malisho. Baadaye huja chai ya maziwa ya unga. Mwisho huja chai ya rangi. Nyama nayo huwa rahisi kwa muda mfupi, kwa kuwa wafugaji huuza wanyama waliokonda kabla hawajafa, kisha hutoweka. Wakati huo huo daftari hunenepa, maana wadeni hawana mnyama wa kuuza. Mwenye hoteli hukabiliwa na mambo mawili: akikataa kukopesha, watu watalala na njaa mbele ya macho yake, akikopesha, hatakuwa na fedha ya kununulia unga wa kesho, na watu wote watakosa.

Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 mvua kubwa zilifika, zikaleta mafuriko katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa. Barabara zilikatika na malori yaliyobeba unga na sukari yakakwama. Nchi iliyolilia maji kwa miaka mitatu ikakosa mkate kwa sababu ya maji.

Kwa hiyo deni la chai si jambo dogo. Karani mwenye mshahara aliye na deni hotelini, akilipa siku fedha inapofika, hamlipi mwenye hoteli peke yake, bali pia hununua kikombe cha yule mchungaji asiye na kitu. Naye akichelewesha, au akapeleka fedha ile kwa muuza miraa kwanza, huondoa kikombe hicho mdomoni mwa mtu asiyemjua.

JAMBO LA AFYA

Mgeni akaribishwapo maziwa mabichi huona haya kukataa. Maziwa ya ngamia yana lishe nzuri, na vitamini C yake hupita ya maziwa ya ng'ombe, jambo lenye faida katika nchi isiyo na matunda mengi. Hata hivyo maziwa mabichi ya mnyama ye yote huweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa brusela, uletao homa ya kurudirudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo ya muda mrefu. Maziwa yaliyochemshwa vizuri hayana hatari hiyo. Mgeni aombe chai, nayo ichemke barabara. Hapo atakuwa amemheshimu mwenyeji wake na kuulinda mwili wake pia.

Basi karani apelekwaye Hadado asihuzunike kwamba ameiacha bustani yake nyuma. Na aende jioni chini ya mwarobaini, awaamkie wazee kwanza, anawe mikono, na akila amwite apitaye. Atajifunza mengi pale juu ya mvua, bei ya mbuzi na mambo ya Bunge. Na mwisho wa mwezi ukifika, kabla hajanunua kitu kingine, amwombe mwenye hoteli alifungue daftari, wapige mstari juu ya jina lake.