Mshika mbili moja humponyoka: Barabara haiwezi kuwa njia na uwanja

Methali isemayo kwamba mshika mbili moja humponyoka ni miongoni mwa methali za mwanzo kufunzwa katika shule zetu. Mwanafunzi akitakiwa aieleze, aghalabu hutoa mfano wa mtu mwenye tamaa, ambaye hutaka huku na kule, mwishowe akakosa kote. Maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, ningependa kumwalika msomaji tuitazame methali hii kwa jicho jingine, nalo ni jicho la dereva aliyeketi katika gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, katika mashindano ya vumbi ya madereva wa ridhaa.

Huenda wapo watakaouliza mwanaisimu ana lipi la kusema juu ya mbio za magari. Ninayo sababu. Mwaka 2023 nilihudhuria mazishi ya mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Alifariki usiku wa manane katika mojawapo ya barabara kuu za pembezoni mwa jiji la Nairobi, alipokuwa akishindana na wenzake kwa magari waliyoyaongezea nguvu gerejini. Mwendeshaji mmoja wa bodaboda, ambaye hakujua kwamba njia aliyokuwa akipitia kurudi kwake ilikuwa imegeuzwa uwanja, alipoteza mguu. Baada ya maziko, rafiki mmoja wa marehemu aliniambia, “Daktari, hatukuwa tukitafuta kifo. Tulitaka kujua gari linaweza nini, na sisi tunaweza nini.”

Maneno hayo hayakunitoka akilini. Kutaka kujua si hatia. Sisi walimu tunalipwa mshahara ili tuichochee hamu hiyo. Lililokosekana ni mahali pa kuitosheleza. Hapo ndipo nilipoamua kwenda kukitafuta nilichosikia kwamba kipo, yaani mchezo uitwao otokrosi.

Otokrosi ni mashindano ya magari yanayofanyiwa katika kiwanja kilichofungwa, aghalabu cha vumbi, ambapo njia yenye kona nyingi huchorwa kwa vigingi, utepe na magurudumu makuukuu. Dereva hashindani bega kwa bega na mwenzake, bali hushindana na saa. Hupewa duru kadhaa, na muda wake hupimwa. Hapa Kenya magari hugawanywa katika makundi: yanayoendeshwa na magurudumu mawili hayachanganywi na yale ya magurudumu manne, na yenye turbo hutengwa na yasiyo nayo. Wapo hata watoto wenye magari yao madogo. Kwa hivyo mtu mwenye gari hafifu hushindana na hafifu wenzake.

Gari letu lilikuwa Toyota Starlet ya miaka ya 1990, lenye injini ya lita 1.3. Tulilinunua kwa kuchangiana, mimi na vijana watatu waliokuwa marafiki za marehemu. Fundi aliyelitengeneza anafanyia kazi mtaa ambao wakazi wa Nairobi wanauita Grogan hadi leo, ijapokuwa barabara yenyewe ilibadilishwa jina zamani ikawa Kirinyaga. Alitoa viti vya nyuma, mazulia na kila kilichoongeza uzito bila faida. Alichomelea fremu ya vyuma vya mviringo ndani ya gari ili paa lisibonyee gari likibingirika. Aliweka kiti kinachombana dereva, mikanda inayopita mabegani na kiunoni, kizimamoto, na bamba la chuma la kuikinga injini kwa chini. Aliweka springi ngumu zaidi upande wa nyuma. Injini hakuigusa, ila kuisafisha na kubadilisha oili. Vijana walipolalamika kwamba nguvu haijaongezwa, alicheka akasema, “Mtafuta nguvu kabla ya breki anatafuta jeneza.”

Kabla ya siku ya mashindano, fundi huyo alitupa somo ambalo sijapata kulisikia katika ukumbi wowote wa mihadhara, na alilitoa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. “Mwalimu,” alisema, “gari la namna hii hukataa kona. Ukiliomba likate kona na papo hapo ukalikanyagia mafuta, litakwenda mbele moja kwa moja hata ukizungusha usukani wote. Breki kwanza, kona baadaye, mafuta mwisho.”

Neno usukani lilinifanya nitafakari. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na kabla ya kuingia garini lilikuwa la baharini. Ndilo jina la kile kiungo cha nyuma ya chombo kinachokielekeza. Katika jahazi, tanga hukisukuma chombo na usukani hukielekeza. Kazi ni mbili na viungo ni viwili. Hali ni hiyo hiyo katika magari mengi ya zamani: magurudumu ya nyuma husukuma, ya mbele huelekeza. Lakini katika magari mengi madogo yaliyojaa katika barabara zetu leo, magurudumu mawili ya mbele hubebeshwa kazi zote mbili. Yanavuta na yanaelekeza.

Mwalimu wa fizikia ataelewa mara moja shida iko wapi. Gurudumu huishika ardhi kwa kani ya msuguano, na kani hiyo ina kikomo. Kikomo chenyewe hutegemea hali ya ardhi, hali ya mpira, na uzito unaoligandamiza gurudumu. Dereva akikitumia kiasi kikubwa cha mshiko huo kwa kuvuta, hubaki kidogo cha kugeuka. Isitoshe, gari linapoongezewa mwendo, uzito huhamia nyuma na magurudumu ya mbele huwa mepesi wakati ule ule yanapohitaji kushika. Linapofungwa breki, uzito hurudi mbele na kuyagandamiza. Ndiyo maana fundi alitaka breki itangulie kona, na ndiyo maana aliongeza upepo katika magurudumu ya nyuma, ili mkia uwe mwepesi kuifuata pua inapogeuka. Mshika mbili moja humponyoka: hiyo ndiyo sheria ya gurudumu la mbele kwa ufupi.

Asidhani mtu kwamba gari la aina hii ni duni. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1956 ushindi ulinyakuliwa na DKW, gari lililovutwa na magurudumu ya mbele. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Sweden alimaliza wa pili kwa Saab ya aina hiyo hiyo. Huko Ulaya, gari dogo la Mini lilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, mbele ya magari yenye injini kubwa zaidi. Madereva hao walishinda kwa kukijua kikomo cha gurudumu na kukiheshimu.

Mashindano yetu yalifanyika Jumapili moja katika nyanda za Athi. Kabla ya yeyote kuwasha injini, wakaguzi walilipekua kila gari: mikanda, fremu, kizimamoto, kufungwa kwa betri, hata nyaya za breki. Gari moja lilikataliwa kwa sababu kiti kilitikisika, na mwenyewe hakubishana. Kisha tulitembezwa njia nzima kwa miguu. Ambulensi ilikuwa pale tangu asubuhi. Watazamaji waliwekwa nyuma ya utepe, na mzee mmoja aliyeusogelea alirudishwa na msimamizi kwa upole lakini bila mjadala.

Duru zetu zilikuwa tatu. Katika duru ya kwanza niliifuata amri ya fundi neno kwa neno, na muda wangu ulikuwa dakika 3 na sekunde 12. Katika duru ya tatu niliingia kila kona polepole zaidi kuliko nilivyoingia ile ya kwanza, na saa ikaonyesha dakika 2 na sekunde 58. Vijana walidhani waliokuwa wakipima wamekosea. Hawakuwa wamekosea. Gari lililoingia kona polepole lilitoka likiwa limenyooka, na mafuta yalipokuja yalivuta badala ya kupotea katika vumbi. Katika kundi la magari 14 tulikuwa wa tisa, na sikumbuki siku nyingine ambapo nafasi ya tisa iliwahi kunifurahisha hivyo.

Nyuma yetu alikuja kijana mwenye gari kama letu, ila lenye nguvu zaidi. Aliingia kona ya mwisho akiwa bado amekanyaga mafuta. Pua ya gari ilikataa kugeuka, kama tulivyoambiwa, na gari likaenda moja kwa moja hadi kwenye rundo la magurudumu makuukuu. Bendera ilipepea, wasimamizi wakakimbia. Kijana alijifungua mikanda, akatoka, akajikung’uta vumbi. Alikuwa mzima. Jioni nilimwona amechuchumaa kando ya fundi wetu, akichorewa kona ile mchangani kwa kijiti.

Msomaji na ailinganishe hali hiyo na ya mwanafunzi wangu. Vijana wote wawili waliuliza swali lile lile, na wote wawili walijibiwa na sheria ile ile ya msuguano. Mmoja alijibiwa mahali ambapo kukosea kunagharimu bampa. Mwingine alijibiwa mahali penye nguzo za taa, malori yaliyoegeshwa, na mtu anayerudi nyumbani kwa bodaboda.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mwalimu anaweza kuiandika ubaoni kesho. Gari lendalo kilomita 60 kwa saa juu ya lami kavu huhitaji takriban mita 20 kusimama tangu breki ziliposhika. Likienda kilomita 120 kwa saa, mwendo umezidi mara mbili, lakini umbali wa kusimama umezidi mara nne, ukafika takriban mita 80. Na kabla mguu haujafika kwenye breki, kila sekunde ya kushtuka hulisogeza gari mita 33. Taa za kawaida za gari usiku hazimulikii dereva umbali wa kutosha kwa hesabu hiyo. Mkimbiaji wa usiku, basi, huwa anaendesha kuelekea mahali asipopaona.

Wapo watakaosema kwamba Safari yenyewe ilipita katika barabara za umma, na kwamba vijana wanaiga tu yale ambayo wazazi wao waliyashangilia kando ya njia. Ni kweli. Kwa miongo mingi Safari ilikimbiwa katika barabara ambazo hazikufungwa, na madereva walikutana na matatu, ng’ombe na watoto wa shule. Lakini Safari ilipoondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na kurejeshwa mwaka 2021 huko Naivasha, ilirudi ikikimbiwa katika njia zilizofungwa. Mchezo wenyewe umejifunza kutenganisha njia na uwanja. Barabara ikibebeshwa kazi zote mbili, moja huponyoka, na inayoponyoka ni ile ya kumfikisha mtu salama aendako.

Wengine watasema huu ni mchezo wa matajiri. Ni kweli pia kwamba hauna urahisi. Kofia ngumu, mikanda na fremu vina bei. Lakini tusisahau kwamba Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshinda Safari mara tatu, alikuwa fundi wa magari, na ushindi wake wa kwanza mwaka 1965 aliupata kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Zaidi ya hayo, vijana wanaoshindana usiku tayari wanatumia fedha kwa turbo, kwa rimu na kwa mabomba ya moshi yenye kelele. Fedha hizo hizo zingenunua mikanda na fremu, lau wangekuwa na uwanja wa kuvitumia.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, vyuo vyetu, hasa vile vyenye idara za uhandisi na ardhi ya kutosha, visaidie wanafunzi kuunda klabu za mchezo huu chini ya wasimamizi wanaotambuliwa, kama tufanyavyo kwa kandanda na drama. Gari moja la pamoja latosha wanafunzi kumi. Pili, serikali za kaunti zitenge viwanja vya vumbi. Uwanja huu hauhitaji lami wala majukwaa. Tatu, walimu wa fizikia na wa Kiswahili washirikiane kuwaalika mafundi wa jua kali shuleni. Mafundi hawa wanayo istilahi ambayo sisi wasomi tungali tukiitafuta katika kamati. Fundi asemapo kwamba gari linakataa kona, amesema kwa maneno matatu jambo ambalo vitabu hulieleza kwa ukurasa mzima, na kila mtoto humwelewa.

Kwa wanafunzi ninalo ombi moja. Hamu yenu ya kujua gari linaweza nini ni hamu njema, na sitawaambia muizime. Ipelekeni uwanjani, penye mikanda, saa na watu wa kuwatoa mkikwama. Wale vijana watatu tulionunua gari nao hawajashindana barabarani tangu Jumapili ile. Sasa wanabishana juu ya upepo wa magurudumu ya nyuma, na kila mmoja anadai kwamba duru ijayo ya otokrosi ni zamu yake.