Lenzi Inapovuta: Urefu wa Fokasi na Kitenzi Chake

Makala haya yanafafanua jinsi lenzi ya kuvuta picha inavyobadili urefu wa fokasi, na kuhoji iwapo kitenzi "kuvuta" kinalieleza tendo hilo ipasavyo.

Katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, Kaunti ya Garissa, anaishi hirola, mnyama wa jamii ya kongoni aliye katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Mnamo 2012 sehemu ya hifadhi hiyo ilizungushiwa ua ili kumkinga dhidi ya wanyama wala nyama. Mpiga picha hapaswi kumkurupusha mnyama adimu kama huyu. Humlazimu kusimama mbali. Kwa lenzi ya milimita 50, hirola mwenye kimo cha mita 1 aliye umbali wa mita 100 huacha ndani ya kamera taswira ya nusu milimita tu. Kwa lenzi ya milimita 400, taswira hiyo hufikia milimita 4.

Milimita hizo za lenzi ndizo urefu wa fokasi: katika lenzi moja nyembamba, ni umbali kutoka lenzi hadi mahali inapokutanisha miale sambamba. Kioo kimoja kigumu hakiwezi kuubadili. Kwa hiyo lenzi ya kuvuta huundwa kwa vioo kadhaa vinavyosogezwa. Tuchukue lenzi mbinuko, ikusanyayo miale, na nyuma yake lenzi mbonyeo, iitawanyayo, kila moja ikiwa na fokasi ya milimita 100. Zikitengana kwa milimita 50, hutenda kama lenzi moja ya milimita 200. Zikisogezwa hadi milimita 25, huwa 400. Umbo la vioo halibadiliki. Kinachobadilika ni nafasi baina yao.

Hata hivyo, taswira nayo huhama, kutoka milimita 150 hadi 325 nyuma ya lenzi ya mbele. Ndiyo sababu vioo vingine navyo husogea kwa mpango maalumu ili taswira isififie. Zoomar ya Voigtländer, ya milimita 36 hadi 82, iliyotolewa mwaka 1959, ilikuwa ya kwanza ya aina hii kwa kamera za picha mnato za filamu ya milimita 35.

Je, hirola amevutwa? La. Ikiwa mmoja yuko mita 100 na mwingine mita 200, wa mbele huonekana mkubwa mara 2, lenzi iwe ya milimita 50 au 400. Mpiga picha akisogea mita 50, uwiano huo huwa mara 3. Lenzi hukuza taswira na kubana upeo wa mtazamo; miguu ndiyo ibadiliyo umbali.

Kwa kuhitimisha, "kuvuta" kumekwisha kukita mizizi vinywani mwa watu, wala hakuna haja ya kukung'oa. Lakini katika vitabu vya sayansi na tafsiri, "kukuza" kungefaa zaidi, kwani istilahi ikimpotosha mwanafunzi, hesabu zake nazo hupotoka.