Newton Hajazikwa

Wapo wanafunzi wadhanio kwamba fizikia ya kwanta, aliyoiasisi Max Planck mwaka wa 1900, ilimzika Newton. Sivyo. Matatu itokayo Ruiru kwenda Thika ingali yatii sheria za Newton ifungapo breki, ilhali elektroni zilizomo katika simu ya utingo zatii kanuni za kwanta. Kwa vitu vikubwa, kanuni hizo hutoa takriban majibu yale yale ya Newton.

Tena Niels Bohr alishikilia kwamba matokeo ya majaribio ya kwanta hayana budi kuelezwa kwa lugha ya kawaida. Je, lugha ya kawaida sokoni Thika ni ipi? Walimu wenzangu, tusikifukuze Kiswahili mlangoni mwa maabara. Mwanafunzi asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha aizungumzayo kila siku huenda amelikariri tu.