UTAMBI WA KARABAI NA ELIMU YA MADINI ADIMU

Wakaazi wengi wa Visiwa hivi wanaifahamu taa ya karabai, iliyoangaza maulidi, harusi na vyombo vya wavuvi wa dagaa. Wachache, hata hivyo, ndio waliopata kujiuliza kwa nini utambi wake, ambao ukishaungua hubaki majivu matupu, hutoa nuru kali kuliko moto unaouwasha.

Utambi huo ulibuniwa na mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach. Mnamo mwaka 1885 alichovya kitambaa cha pamba katika maji yenye chumvi za madini, akakikausha na kukichoma. Pamba iliteketea, madini yakaungana na oksijeni na kubaki kiunzi chepesi chenye vitundu vingi. Utambi wa mwanzo haukudumu. Mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliofaa: oksidi ya thoriamu asilimia 99 na oksidi ya seriamu asilimia 1. Seriamu ni miongoni mwa madini adimu, na asilimia hiyo moja ndiyo iletayo nuru: ikikosekana utambi hufifia, na ikizidi hufifia vilevile.

Kanuni hiyo ingali inatumika. Wataalamu hutengeneza oksidi zenye vitundu na kuzitia madini adimu kidogo, ila chembe zake sasa hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Mwaka 1988 wataalamu wa Bangalore, nchini India, walieleza njia isiyo na gharama kubwa. Nitrati za metali huyeyushwa katika maji pamoja na urea, ileile itumikayo kuwa mbolea, kisha hutiwa katika tanuri la nyuzi 500 hivi. Mchanganyiko huchemka, hushika moto wenyewe, na baada ya dakika chache hubaki unga laini mfano wa povu. Gesi zinazotoka ndizo ziachazo vitundu. Kwa kuwa moshi wake una sumu, kazi hiyo hufanywa maabara tu.

Faida zake ni nyingi. Oksidi ya itriamu iliyotiwa yuropiamu hutoa rangi nyekundu katika taa za mirija. Oksidi ya seriamu na zirikoniamu husafisha moshi wa magari.

Ifahamike, hata hivyo, kwamba thoriamu hutoa mionzi. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1898, utambi ukiwa umekwisha kuenea duniani. Watengenezaji wengi wamekwisha kuiacha na kutumia itriamu badala yake, lakini tambi za zamani huenda zikawamo majumbani. Hatari yake kubwa haimo katika kuangaziwa, bali katika kuvuta au kumeza vumbi lake. Kwa hiyo inashauriwa utambi mpya uchomwe mara ya kwanza nje ya nyumba, majivu yasipulizwe kwa mdomo, watoto wasiyachezee, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula.