Maji Hupungua, Hofu Hubaki: Namna ya Kumtuliza Mtoto Katika Msimu wa Mvua

Mto Mkondoa hauhitaji mvua inyeshe Kilosa ndipo ujae. Maji yake hutoka mbali, katika nyanda za Dodoma na Mpwapwa na katika milima ya Ukaguru na Rubeho. Mvua kubwa ikinyesha huko, mto waweza kufurika mjini hapa hali anga ni jeupe. Watu wazima wa Kata ya Magomeni wanalifahamu jambo hilo na hulizungumza kila mwaka. Watoto nao husikia mazungumzo hayo, lakini ni mara chache kuulizwa wanaelewa nini na wanaogopa nini.

Makala haya yanaeleza jinsi hofu inavyoonekana kwa mtoto, kwa nini hutokea, familia inaweza kufanya nini nyumbani bila gharama, na msaada zaidi unapatikana wapi ndani ya kata na wilaya.

Yaliyopita na athari zake

Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja tuta lililokuwa likiukinga mji wa Kilosa. Maelfu ya wakazi wa mji na vijiji vya jirani walipoteza makazi na kuishi katika mahema. Reli ya Kati iliharibiwa katika bonde la mto kati ya Kilosa na Gulwe, na usafiri wa treni ukakatika kwa miezi. Miaka minne baadaye, Januari 2014, mafuriko mengine yaliyakumba maeneo ya Dumila, Magole na Mateteni, na mawasiliano ya barabara kati ya Morogoro na Dodoma yakakatika daraja la Dumila lilipoharibiwa.

Baada ya kila tukio, hasara huorodheshwa: nyumba, mashamba, mifugo, madaraja. Kuna hasara moja isiyoandikwa katika orodha hizo, nayo ni usalama aliouhisi mtoto kabla ya maji kuingia ndani. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 8 mwaka 2009 sasa ni mtu mzima, na huenda yeye mwenyewe ni mzazi. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzazi anayeamka kila mvua inapogonga bati huweza kumrithisha mwanawe hofu hiyo bila kutamka neno, hata kama mtoto huyo hajawahi kuyaona mafuriko.

Mafuriko si chanzo pekee. Watoto wa wilaya hii hupitia pia vipindi vya mavuno hafifu, migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji, maradhi na misiba. Mwaka 2020 shule zote nchini zilifungwa kuanzia katikati ya Machi kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na wanafunzi wa shule za msingi wakarejea darasani mwishoni mwa Juni. Katika hali zote hizo, swali linalomsumbua mtoto ni lilelile: nini kitatokea, na nani atakuwa nami?

Hofu ya mtoto inavyoonekana

Mwili wa binadamu umeumbwa kujihami. Hatari inapotokea, moyo huenda mbio, misuli hukaza na usingizi hupaa. Hali hiyo humsaidia mtu kukimbia na kujiokoa. Taabu huanza pale hatari inapopita na mwili ukaendelea kukesha kana kwamba bado ipo. Mtu mzima aweza kusema kuwa ana wasiwasi. Mtoto, hasa mdogo, hana maneno hayo; huisema hofu yake kwa vitendo.

Mtoto wa chini ya miaka 5 hung'ang'ania nguo za mama, hulia akiachwa hata kwa muda mfupi, hukataa kulala peke yake, au huanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha. Mtoto wa umri wa shule ya msingi hulalamika kuumwa tumbo au kichwa pasipo ugonjwa kuonekana, huweweseka usiku, hushindwa kufuatilia masomo, huuliza swali moja mara nyingi, au hucheza michezo inayorudia tukio lilelile la maji na watu kukimbia. Kijana wa sekondari hujitenga, hukasirika upesi, hukosa hamu ya shule, au hujiingiza katika pombe na makundi mabaya.

Dalili hizi hazimaanishi kwamba mtoto ameharibika akili, wala hazitokani na ukaidi. Kwa watoto wengi hupungua polepole katika majuma yanayofuata, maadamu wanaishi na watu wazima waliotulia na mahitaji yao ya msingi yanapatikana.

Jambo linaloweza kuzidisha hali ni adhabu. Mtoto anayechapwa kwa kukojoa kitandani baada ya mafuriko hupata hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Vivyo hivyo, mtoto wa kiume anayeambiwa kwamba mwanaume halii haachi kuogopa. Huacha kusema tu. Vitisho vinavyotumika kumnyamazisha mtoto, kama vile kumwambia kwamba mto utamchukua asipotii, visitumike kabisa katika mji ulio kando ya mto.

Ukweli hutuliza kuliko ahadi

Wazazi wengi, kwa upendo, humwambia mtoto kwamba mafuriko hayatakuja tena. Ahadi hiyo haina mtu awezaye kuitimiza. Mvua ikianza tena, mtoto hupoteza utulivu, na pamoja nao hupoteza imani kwa aliyemwahidi.

Kauli iliyo bora ni ya kweli na yenye mpango ndani yake: “Hatujui kama maji yatakuja. Lakini yakija, tutafanya hivi.” Ndiyo maana maandalizi ya maafa katika kaya ni huduma ya afya ya akili pia. Hofu ya mtoto hupungua anapojua hatua zitakazofuata, mahali atakapokwenda na mtu atakayemshika mkono.

Mpango wa familia unaweza kufanywa jioni moja, watu wote wa nyumbani wakiwapo. Familia ikubaliane mambo haya:

1. Sehemu iliyoinuka ambako wote watakwenda, na njia ya kufika huko isiyovuka mto wala korongo.
2. Mtu mzima atakayembeba au kumshika mkono kila mtoto mdogo, mzee na mwenye ulemavu, kwa jina.
3. Mahali pa kukutana ikiwa maji yatakuja watoto wakiwa shuleni na wazazi wakiwa shambani au sokoni. Mtoto aelewe kwamba atabaki na walimu wake mpaka mtu aliyekubaliwa aje kumchukua.
4. Mfuko mmoja usiopitisha maji wenye vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, dawa za anayezitumia na namba za simu za ndugu zilizoandikwa kwenye karatasi.
5. Kazi ndogo ya kila mtoto, kama kubeba tochi au daftari zake. Mtoto mwenye kazi hujiona ni sehemu ya wanaookoa, na unyonge humpungua.

Njia hiyo ipitiwe kwa miguu angalau mara moja kabla ya mvua kubwa, mchana, bila haraka. Watoto wakubwa wafundishwe pia maana ya taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: rangi ya njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Mtoto anayejua tofauti hizo hatashtuka kwa kila wingu, wala hatapuuza onyo la kweli.

Baada ya tukio: ratiba, mchezo na mazungumzo

Familia inapokuwa imehamia kwa ndugu, katika darasa la shule au katika hema, siku hupoteza umbo lake. Kurudisha mpangilio ni tiba. Chakula kiliwe kwa saa zilezile kadiri iwezekanavyo, watoto waoge na kulala kwa wakati, na ibada za familia ziendelee. Shule irejewe mapema, hata kama sare haipo, kwa kuwa darasani mtoto hukutana na wenzake na kuona kwamba maisha yanaendelea.

Mchezo usichukuliwe kuwa utovu wa adabu wakati wa shida. Rede, mdako na kombolela humpa mtoto nafasi ya kucheka na kuutumia mwili wake bila hofu. Akichora au kuigiza mafuriko, aachwe amalize, kisha aulizwe kwa upole anachokionyesha. Asilazimishwe kusimulia. Mzazi amsikilize bila kumkatiza, na amwambie wazi kwamba kilichotokea si kosa lake. Watoto wengi hudhani kimya kimya kwamba msiba uliletwa na utundu wao.

Mtoto aliyefiwa aambiwe ukweli kwa maneno mepesi, na mtu anayempenda. Kumwambia kwamba marehemu amesafiri humfanya asubiri barabarani kwa miezi, na siku akijua ukweli huumia mara ya pili. Ashirikishwe katika maombolezo kadiri ya umri wake na desturi za nyumbani. Katika jamii za Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ambako ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, mjomba na bibi wana nafasi kubwa katika malezi. Nafasi hiyo itumike: mtoto asiyeweza kumwambia mama yake lililo moyoni huenda akamwambia mjomba au bibi.

Mzazi naye ni binadamu

Mtoto husoma uso wa mzazi kabla ya kusikia maneno yake. Mzazi aliyepoteza shamba la mahindi au mtaji wa genge ana haki ya kuhuzunika, na si vibaya mtoto kuona huzuni hiyo. Kinachomtisha mtoto ni huzuni isiyoelezwa, ugomvi wa usiku, ulevi na kipigo. Mzazi anayeona hasira inamshinda, halali, au anatafuta nafuu katika pombe, atafute mtu wa kuzungumza naye: jirani, ndugu, kiongozi wa dini au mhudumu wa afya. Vikundi vya VICOBA na jumuiya za ibada ni mahali ambapo watu tayari wanaaminiana, na mazungumzo haya yanaweza kuanzia hapo.

Kipindi cha dhiki pia ndicho watoto hukabiliwa na hatari nyingine. Kaya iliyoishiwa inaweza kushawishika kumtoa mtoto shuleni akafanye kazi, au kumwoza binti. Makazi ya muda yenye msongamano huongeza uwezekano wa ukatili wa kijinsia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki wajibu wa kuziripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa.

Wakati wa kutafuta msaada

Msaada utafutwe ikiwa dalili hazipungui baada ya mwezi mmoja hivi, ikiwa zinaongezeka, au ikiwa mtoto hali, halali, hasemi au hawezi kwenda shule. Msaada utafutwe siku hiyohiyo ikiwa mtoto anasema anataka kufa, amejidhuru, au amefanyiwa ukatili.

Hatua ya kwanza ni kwa watu walio karibu: mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ya jamii, au mwalimu wa malezi na ushauri nasaha shuleni. Ofisi ya Mtendaji wa Kata humuunganisha mwananchi na Afisa Maendeleo ya Jamii pamoja na Afisa Ustawi wa Jamii, ambao kazi yao ni pamoja na kutoa unasihi kwa watoto na familia. Hospitali ya Wilaya ya Kilosa hupokea wanaohitaji uchunguzi wa kitabibu, na anayehitaji huduma ya juu zaidi hupewa rufaa. Matukio ya ukatili yaripotiwe katika Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi. Aidha, mtoto au mtu mzima yeyote anaweza kupiga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

Baadhi ya wakazi huona haya kwenda kwa mnasihi kwa kudhani kwamba kufanya hivyo ni kujiandikia safari ya Mirembe. Dhana hiyo si sahihi. Unasihi ni mazungumzo ya faragha na mtu aliyefunzwa kusikiliza na kuongoza, na mara nyingi mazungumzo machache yaliyofanyika mapema huzuia tatizo kuwa ugonjwa.

Wazazi na walezi wa Kata ya Magomeni wanahimizwa kufanya kikao cha familia kabla ya mvua kubwa kuanza, kukubaliana mambo matano yaliyotajwa, na kumpa kila mtoto nafasi ya kuuliza. Swali lolote lisilo na jibu nyumbani lipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kata.